Nichague testi zipi za kulinda draiva ya grafiki?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta. Nina laptopu ya mtumba, ThinkPad X230 yenye Intel HD Graphics 4000, na nimeanza kutuma viraka vidogo (mabadiliko ya programu) kwenye crocus, draiva inayohudumia GPU (chipu za grafiki) za zamani za Intel ndani ya Mesa, mradi huria wa draiva za grafiki. Nataka niwe na orodha ya testi za Piglit, mkusanyiko wa testi za draiva za OpenGL, ambazo zikifeli najua nimeharibu kitu kilichokuwa kizima. Tatizo ni kwamba nikiendesha seti ya quick mara mbili bila kugusa hata mstari mmoja wa programu, matokeo hayalingani. Testi kama thelathini zilizofaulu jana leo zimefeli, na nyingine zimefanya kinyume. Je, nichukue tu zile zilizofaulu mara zote mbili? Au nitumie orodha ya mustpass (testi za lazima kupita) ya Khronos, shirika linalotunza kiwango cha OpenGL?

Jibu: Ndugu yangu, hapana kwa yote mawili. Kufaulu mara mbili ni ushahidi mdogo mno, na mustpass ilitungwa kwa kazi nyingine. Ila kabla ya kufika huko, kagua jambo moja leo hii: hakikisha testi zako zinapita kweli kwenye draiva unayodhani unaipima.

Mesa ina upole ambao kwa mtumiaji ni neema na kwa mpimaji ni balaa. Draiva ya kifaa ikishindwa kupakiwa, pengine kwa sababu umekosea njia ya faili au hukuijumuisha crocus ulipokompaili, Mesa haigomi. Inahamia llvmpipe, inayochora kila kitu kwa CPU, na dirisha linafunguka kama kawaida. Unaendesha maelfu ya testi, nyingi zinafaulu, unafurahi, kumbe GPU haikuguswa. Kwa hiyo endesha glxinfo au eglinfo, programu zinazoonyesha draiva inayotumika, katika mazingira yaleyale utakayotumia kwa testi, usome mstari wa renderer, yaani kinachochora. Ukikuta jina la llvmpipe, ishia hapo kwanza. Wanaoendesha maabara za Mesa hawalichukulii jambo hili kimzaha: deqp-runner, programu wanayoitumia kuendesha testi kwa wingi, ina sehemu ya kuandika jina la renderer linalotarajiwa, ili jina lisipolingana kazi nzima ihesabiwe imefeli.

Linalofanana na hilo ni testi zinazorukwa. Testi ya Piglit huanza kwa kuuliza kama draiva inatangaza kiendelezi (kipengele cha ziada cha OpenGL) kinachohitajika. Isipotangaza, testi inajiondoa na kuandika "skip". Sasa tuseme kiraka chako kimekosea sharti moja mahali fulani, na draiva imeacha kutangaza kiendelezi kizima. Testi zake zote hazitafeli, zitarukwa. Anayehesabu "fail" peke yake atasema leo mambo ni shwari. Draiva isiyotangaza chochote ingekuwa na matokeo mazuri kuliko zote! Testi iliyokuwa ikifaulu ikaanza kurukwa ihesabu kama imefeli, bila huruma. Na orodha yako isiwe na testi hata moja ambayo kwenye mashine yako hurukwa. Hiyo haikulindi dhidi ya chochote.

Tuje kwenye zile thelathini. Mimi huziita vigeugeu, na nakushauri usizifute kwenye orodha kabla hujajua zinageuka kwa nini. Sababu ziko nyingi, na baadhi yake ni makosa halisi ya draiva unayoitengeneza.

Kundi la kwanza halihusiani na draiva kabisa. Testi nyingi za Piglit hufungua dirisha, na zikiendeshwa sambamba madirisha yanafunikana. Testi inayosoma pikseli za bafa ya mbele (kumbukumbu ya picha inayoonekana) ya dirisha lililofunikwa inaweza kusoma chochote, na viwango vyenyewe havimwahidi mtu kitu kuhusu pikseli zilizofunikwa. Skrini ikijizima katikati ya kazi, hali ni ileile. Dawa ni kuacha madirisha: weka PIGLIT_PLATFORM=gbm kabla ya kuendesha, au kwa testi mojamoja tumia -fbo. Zinazotaka GLX, njia ya OpenGL kufanya kazi na madirisha ya X11, zitarukwa, na kwa kazi yako hiyo si hasara kubwa. Nadhani hatua hii peke yake itapunguza sana hizo thelathini.

Kuna zinazotegemea saa. spec@ext_timer_query@time-elapsed, kwa mfano, hulinganisha muda uliopimwa na GPU na ule uliopimwa na CPU. Kwenye mashine yenye shughuli nyingine namba hizo hazikubaliani, na draiva haina kosa. Hizi zitoe kwenye orodha bila kujuta. Vilevile testi nzito zinazokaribia kikomo cha muda: laptopu ya 2012 yenye vumbi kwenye feni inapunguza kasi ikipata joto, na testi iliyomaliza asubuhi inaisha muda mchana. Kama uko Dar mwezi wa pili unajua ninachosema. Usiipe testi ya namna hiyo nafasi kwa sababu tu "kawaida hufaulu".

Kundi la pili ni la kuonewa. Testi moja inaigandisha GPU, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) inaiwasha upya, na testi nyingine zilizokuwa zikiendelea kando zinaanguka ingawa hazikufanya kosa. Kiendelezi cha ARB_robustness hata kina majina mawili tofauti kwa hali hii, la kontekisti (kikao cha programu na GPU) iliyosababisha na la kontekisti isiyo na hatia. Ukiona testi tano zisizohusiana zimefeli katika sekunde zilezile, soma dmesg, yaani ujumbe wa kerneli, kabla ya kusoma testi. Piglit ina chaguo la --dmesg: ujumbe mpya wa kerneli ukitokea wakati wa testi, matokeo yanabadilishwa kuonyesha hivyo. Gharama yake ni kwamba testi zitaendeshwa mojamoja, kwa hiyo litumie unapotafuta chanzo. Testi inayogandisha GPU iweke kwenye orodha ya zisizoendeshwa kabisa, na uandike kando yake kwa nini.

Hapa sasa kuna kundi la tatu, ambalo ndilo ninalotaka ulitazame kwa makini. Chukua testi inayofuta rangi, kina na stensili (namba ya kila pikseli inayoamua pa kuchora), kisha inachora pale tu stensili ilipo sifuri. Tuseme draiva ina njia ya mkato ya kufuta haraka, na katika hali fulani njia hiyo inasahau stensili. Ukiiendesha testi peke yake, inafaulu kila mara. Kwa nini? Kwa sababu kumbukumbu mpya inayotolewa na kerneli huja imejazwa sifuri, na sifuri ndiyo hasa iliyotarajiwa. Kosa limejificha ndani ya bahati. Lakini Mesa haimrudishii kerneli kila bafa inayoachwa. Huziweka akiba ndani ya mchakato uleule na kuzitumia tena, pamoja na uchafu wake. Testi hiyohiyo ikitanguliwa na nyingine katika mchakato mmoja, inaweza kupewa bafa yenye masalia ya mwenzake, na inafeli. Ikitanguliwa na nyingine tena, inafaulu.

Ukiiandikia testi hiyo "kigeugeu" na kuitupa, umetupa shahidi. Namna ya kuitambua ni kuiendesha peke yake mara kadhaa, kisha kuiendesha ikitanguliwa na zilezile zilizoitangulia siku ilipofeli. Ikifeli kwa mpangilio mmoja kila mara na kufaulu kwa mwingine kila mara, basi si kigeugeu hata kidogo. Ina utaratibu wake, na wewe umeshapata kazi ya kiraka kijacho. Makosa ya kusahau kusafisha kashe ya GPU (kumbukumbu yake ndogo ya muda) kati ya kuandika na kusoma nayo huonekana kwa sura inayokaribia hiyo, isipokuwa yanategemea zaidi mwendo wa mashine kuliko mpangilio.

Kwa sababu hiyo, unapokusanya ushahidi usirudie kazi ileile kwa namna ileile. Badilisha mpangilio. Endesha mara nyingine mojamoja, mara nyingine sambamba. Mara nyingine baada tu ya kuwasha mashine, mara nyingine baada ya mashine kufanya kazi siku nzima. Lakini vingine vyote vifunge: toleo la kerneli, nambari ya badiliko la Mesa, aina ya ukompaili, toleo la Piglit. Ukisasisha mfumo katikati, anza upya.

Ni mara ngapi? Chukua testi inayofeli mara moja katika kila mara 50. Uwezekano wake wa kufaulu mara mbili mfululizo ni asilimia 96, kwa hiyo kichujio ulichopendekeza kingeipitisha karibu kila mara. Ukiiendesha mara 10, bado ina asilimia 82 ya kupita bila kukamatwa. Mara 100, asilimia 13. Watu wa takwimu wana njia ya mkato: kitu kikifaulu mara zote n ulizokijaribu, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango chake cha kufeli hakizidi takriban 3 gawanya kwa n. Mara 30 safi zinakupa kikomo cha asilimia 10. Mara 300, asilimia 1.

Utaniambia: maelfu ya testi mara 300 kwenye X230, si nitazeeka? Kweli, na huna haja. Kitakachokusumbua kila siku ni orodha kwa jumla, yaani ni mara ngapi itakupigia kengele bure. Tuseme una testi 2,000, na kila moja hufeli mara moja tu katika 10,000. Ukizitazama mojamoja ni za kuaminika ajabu. Kwa pamoja, orodha itakudanganya kwa asilimia 18 ya nyakati utakazoiendesha, karibu mara moja katika tano. Sasa igeuze hesabu: ukiendesha orodha nzima mara 30 bila kengele hata moja, umejua kwamba kengele za uongo hazizidi takriban moja katika kumi, bila kujua lolote la undani kuhusu testi mojamoja. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, hapo panatosha kuanzia.

Ila kuna mtego. Mara ulizotumia kuchagua usizitumie tena kuthibitisha. Testi zilizovuka mara 10 za kwanza zimo kwenye orodha kwa sababu zilivuka, na baadhi zilivuka kwa bahati. Ukizitangaza safi kwa ushahidi uleule, unajisifu mwenyewe. Chagua kwa kundi la kwanza la majaribio, kisha funga orodha, kisha anza kuhesabu upya. Itakayoanguka katika awamu ya pili inatoka, na hesabu inarudi sifuri.

Kuhusu mustpass. Orodha hizo zimo ndani ya VK-GL-CTS, mkusanyiko wa Khronos unaobeba pia dEQP, seti ya testi iliyotoka kwa kampuni ya Finland iitwayo drawElements kabla Google haijainunua mwaka 2014. Kazi yake ni kumwezesha mtengenezaji kudai kwamba bidhaa yake inafuata kiwango. Testi kuwemo humo maana yake ni kwamba wahusika wamekubaliana kuwa inapima kiwango kwa haki. Haisemi lolote kuhusu utulivu wake kwenye laptopu yako. Zaidi ya hapo, katika upimaji huo testi ikijibu kwamba kipengele hakipo kwenye kifaa, jibu hilo linakubalika, na sisi tumeshaona hatari yake. Itumie kama kisima cha kuchotea testi nzuri, tena nakushauri sana uongeze za dEQP za OpenGL ES juu ya Piglit. Kuchuja utachuja mwenyewe.

Sasa nikuambie ninapotofautiana na wazo lako lenyewe. Unataka orodha ya zinazofaulu. Mimi ningekushauri utunze orodha ya zisizofaulu. Sababu ni kwamba orodha ya zinazofaulu inazeeka kimyakimya: Piglit inaongeza testi mpya, wewe unarekebisha makosa na testi za zamani zinaanza kufaulu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye ulinzi mpaka ukumbuke kuiandika. Ukigeuza, kila testi inalindwa mpaka iandikwe jina. Ndivyo Mesa yenyewe inavyofanya. Ukifungua src/freedreno/ci, folda ya draiva ya Mesa ya GPU za Qualcomm, utakuta kwa kila aina ya GPU faili zenye majina yanayoishia na fails, flakes na skips, kwa mfano freedreno-a630-fails.txt. Ya kwanza ina zinazofeli kila mara, kila mstari ukiwa na jina la testi na aina ya kufeli kwake. Ya pili ni vigeugeu: zinaendeshwa, lakini matokeo yake hayamzuii mtu. Ya tatu ni zisizoendeshwa kabisa. Uzuri mkubwa ni kwamba testi iliyo kwenye faili ya kwanza ikifaulu, hilo nalo linatangazwa kuwa ni jambo lisilotarajiwa, na unalazimika kuifuta jina. deqp-runner inazisoma faili hizi, na ndani ya mradi huohuo kuna piglit-runner inayokufaa wewe moja kwa moja.

Orodha fupi ya zinazofaulu ina mahali pake, lakini ni padogo: ni ile ya dakika chache unayoiendesha kila ukikompaili, kabla ya kuacha kazi kamili iendelee usiku. Hiyo ndiyo ya kuichagua kwa mkono, na hapo uthabiti peke yake haukufai. Testi inayofaulu hata draiva ikiwa imeharibika ni mbwa asiyebweka mwizi akiingia. Piglit ina maelfu ya testi zilizozalishwa na hati, zinazopima kitendakazi kilekile cha sheda (programu ndogo inayoendeshwa na GPU) kwa aina tofauti za namba. Zote ni tulivu sana, na nyingi zinapita njia ileile ndani ya draiva. Ukijaza orodha kwa hizo utakuwa na testi 2,000 zinazolinda kona moja.

Ijaribu orodha kwa kuharibu draiva kwa makusudi. Ondoa wito mmoja wa kusafisha kashe. Geuza ulinganishaji wa kina. Kosea kwa baiti nne mahali pa kuanzia kusoma vipeo (pembe za maumbo yanayochorwa). Kompaili, endesha, uone kama kengele inalia. Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi kwa sababu makosa yake hayakutungwa: viraka vya Mesa vinavyorekebisha kosa mara nyingi hubeba mstari wa "Fixes:" unaotaja badiliko lililolileta. Tafuta vile vilivyogusa src/gallium/drivers/crocus, uondoe kimoja kimoja panapowezekana, na uangalie ni testi zipi zinazogutuka. Testi iliyogutuka mara nyingi ina thamani kuliko mia zilizolala.

Neno moja kuhusu kurudia. Ni kawaida testi ikifeli kuiendesha tena na kukubali jibu la pili. deqp-runner hufanya hivyo kwa kufeli kusikotarajiwa, lakini inaandika waziwazi kwamba testi imegeuka. Hilo nalikubali. Nisichokubali ni kurudia kimyakimya mpaka ipite. Kiraka chako kikileta kosa linaloifelisha testi kwa asilimia 30 ya nyakati, kurudia mara moja kutaifanya ionekane imefaulu kwa asilimia 91. Makosa ya mpangilio wa kazi za GPU huja hasa kwa sura hiyo, na ndiyo magumu kuliko yote kuyatafuta baadaye kwa git bisect, yaani kwa kuigawa historia ya mabadiliko nusu kwa nusu.

Kwa hiyo testi ya orodha fupi ikifeli baada ya kiraka chako, usirudie upande mmoja tu. Weka miundo miwili ya Mesa kando kwa kando, wenye kiraka na usio nacho, uendeshe kwa zamu: huu, ule, huu, ule, ili joto na shughuli za mashine ziwaguse wote sawa. Kama usio na kiraka nao unafeli, umepata kigeugeu kipya. Kiandike kwenye faili yake pamoja na tarehe na sababu unayoishuku. Kama ni wenye kiraka peke yake, rudi kwenye kiraka. Na ukifungua ripoti kwa watunzaji wa Mesa, weka jina kamili la testi, toleo la kerneli, nambari ya badiliko la Mesa, testi zilizotangulia katika mchakato huo, na imefeli mara ngapi kati ya ngapi kwa kila upande.